Tezi ndogo ya shingoni inavyobeba akili na ukuaji wa mtoto

Mzazi akiambiwa kwamba kipimo cha TSH cha mwanawe kiko juu, mara nyingi huelewa kuwa tezi ya shingo ya mtoto inafanya kazi kupita kiasi. Kisha daktari anamweleza kinyume chake: tezi inafanya kazi kidogo mno, na mtoto anahitaji dawa kila siku. Ni rahisi kutoka hapo ukiamini kuwa maabara imekosea, na ukaacha kwenda kuchukua dawa.

Maabara haijakosea. Kipimo hicho hakipimi kazi ya tezi yenyewe, bali kinapima amri ambayo ubongo unaituma kwa tezi. Tezi ikizembea, amri huongezeka. Kwa mtu mzima, kutolielewa jambo hili kunaweza kumletea miezi ya uchovu usioisha. Kwa mtoto mchanga kunaweza kumgharimu akili yake, na hasara hiyo hairudi hata akipewa dawa baadaye.

Kazi ya tezi yenyewe

Tezi ya shingo, ambayo kitaalamu huitwa thairoidi, ina umbo kama la kipepeo. Imekaa mbele ya shingo, chini kidogo ya koo, na mabawa yake mawili yamelikumbatia bomba la hewa. Kwa mtu mzima ina uzito wa takriban gramu 20, na ikiwa salama kwa kawaida haionekani kwa macho.

Kazi yake ni kutengeneza homoni mbili, T4 na T3. Tarakimu hizo zinahesabu chembe za madini joto, yaani iodini, zilizomo ndani ya kila homoni: nne kwenye T4 na tatu kwenye T3. Bila madini joto, tezi haina malighafi, kama mwokaji mikate asiye na unga.

Homoni hizi huingia karibu kila sehemu ya mwili na kupanga kasi ya kazi. Moyo upige haraka kiasi gani, mwili utoe joto kiasi gani, utumbo usukume chakula kwa mwendo gani, mifupa irefuke vipi. Kwa mtoto aliye tumboni na kwa mtoto wa miaka mitatu ya kwanza kuna kazi nyingine kubwa kuliko zote: kuujenga ubongo.

Boya la tangi

Tezi haijiamulii itoe kiasi gani. Juu yake kuna wakubwa wawili, wote wakiwa kichwani. Wa kwanza ni sehemu ya ubongo inayoitwa haipothalamasi, ambayo hutuma ujumbe kwa tezi ndogo ya pituitari iliyo chini ya ubongo. Pituitari nayo hutoa homoni ya TSH, ambayo husafiri kwenye damu hadi shingoni na kuiamuru thairoidi itengeneze na kumimina homoni zake.

Homoni za T4 na T3 zikishaingia kwenye damu, hurudi pia kichwani na kupeleka taarifa. Zikiwa nyingi, wakubwa hao hupunguza amri. Zikipungua, wanaiongeza.

Mfano wa karibu ni boya la tangi la maji nyumbani. Maji yakipungua, boya hushuka na koki hufunguka. Tangi likijaa, boya hupanda na kuifunga koki. TSH ni kipimo cha jinsi koki ilivyofunguliwa. Ukikuta koki imefunguliwa mpaka mwisho na tangi bado ni tupu, tatizo haliko kwenye boya. Maji hayaji. Ndiyo maana TSH ya juu pamoja na T4 ya chini ni dalili kuwa thairoidi imeshindwa kazi.

Hali ya kinyume nayo ipo. Koki imefungwa kabisa, TSH inakaribia sifuri, lakini tangi linafurika. Hapo homoni zinamwagika bila kungoja amri, na kitu kingine ndicho kinachoiendesha tezi.

Kuna hali ya tatu isiyo ya kawaida: tangi ni tupu na koki imefungwa, au imefunguliwa kidogo tu. Hilo ni boya bovu, yaani tatizo liko kwenye pituitari au kwenye ubongo wenyewe. Kwa sababu hiyo, mtoto mwenye dalili akipimwa TSH peke yake na ikaonekana ya kawaida, daktari anaweza kuagiza apimwe na T4 kabla ya kusema kuwa yuko salama.

Pituitari ni nyepesi sana kuhisi mabadiliko. T4 ikishuka kidogo tu, TSH hupanda kwa kiasi kikubwa. Ndiyo maana madaktari huanza na kipimo hicho: hutoa tahadhari mapema, wakati mwingine kabla mgonjwa hajahisi lolote.

Akiba inayoficha tatizo

Mwili haukuacha jambo hili litegemee amri peke yake. Thairoidi huhifadhi ndani yake homoni zinazoweza kutosha miezi miwili hadi mitatu. Zilizo kwenye damu nazo, zaidi ya asilimia 99, husafiri zikiwa zimeshikwa na protini. Sehemu ndogo tu iliyo huru ndiyo inayofanya kazi, na hiyo ndiyo maabara huiandika kama T4 huru.

Sehemu kubwa ya kinachotoka shingoni ni T4, ambayo nguvu yake ni ndogo. Viungo vyenyewe, kama ini na ubongo, huondoa chembe moja ya madini joto na kupata T3, yenye nguvu zaidi. Hivyo kila kiungo kina nafasi ya kurekebisha kiasi chake. Mtu akiugua sana au akikaa na njaa muda mrefu, mwili hupunguza utengenezaji wa T3 ili kubana matumizi ya nguvu. Vipimo vya thairoidi vya mtoto aliyelazwa kwa ugonjwa mkali vinaweza kwa sababu hiyo kuonekana vibaya ilhali tezi yake ni nzima, na madaktari hupenda kuvirudia akishapona.

Akiba hii ni neema, lakini ina upande wake mbaya. Tatizo huingia polepole. Familia huzoea kuona mtoto ni mzito wa mwendo, analala sana, anaambiwa mvivu, na miezi inapita.

Kwa nini shingo huvimba

Madini joto yakikosekana kwenye chakula, T4 hupungua, na ubongo huongeza TSH. Amri hiyo haiishii kuidai tezi homoni tu, huiambia pia ikue ili iweze kunasa kila chembe ya madini inayopita. Tezi hutii. Hukua mwezi hadi mwezi, na shingo inavimba. Hilo ndilo rovu, ambalo wengine huliita goita.

Kwa hiyo rovu la aina hii halitokani na kurogwa wala damu chafu. Ni tezi iliyolemewa, inayojitahidi kufanya kazi bila malighafi. Kuchanja chale juu yake hakugusi chanzo, na kunaweza kuleta maambukizi. Hata hivyo si kila uvimbe wa shingo ni wa upungufu wa madini joto. Uvimbe mgumu, unaokua haraka, wa upande mmoja, au unaomfanya mtoto ashindwe kumeza au kupumua unahitaji daktari bila kuchelewa.

Nchini Tanzania, maeneo ya milimani kama nyanda za juu kusini yalijulikana kwa rovu kwa miaka mingi, kwa kuwa mvua huosha madini joto kutoka kwenye udongo wa miinuko na mazao yanayolimwa hapo huyakosa. Vidonge vya mafuta yenye madini joto viligawiwa kwenye wilaya zilizoathirika zaidi, na katika miaka ya 1990 sheria ikataka chumvi ya kula iongezwe madini hayo.

Watu wa pwani na visiwani walidhaniwa kuwa salama kwa sababu wanakula samaki. Utafiti uliofanyika Zanzibar na kuchapishwa mwaka 2006 ulionyesha vingine: upungufu ulikuwepo, na Pemba ilikuwa na hali mbaya zaidi. Chumvi inayovunwa kwenye mashamba ya chumvi ya pwani, ingawa inatoka baharini, ina madini joto kidogo mno isipoongezwa. Kuwa karibu na bahari hakutoshi.

Mihogo nayo ina nafasi yake. Katika kisiwa cha Idjwi, ndani ya Ziwa Kivu mashariki mwa Kongo, daktari wa Kibelgiji François Delange na wenzake walichunguza kwa nini rovu lilikuwa limeenea kiasi kile. Waligundua kuwa mihogo michungu isiyoandaliwa vizuri huacha mwilini kemikali inayozuia tezi kunasa madini joto. Kuloweka, kuchachusha na kukausha vizuri hupunguza sumu hiyo. Familia inayokula mihogo iliyoandaliwa ipasavyo pamoja na chumvi yenye madini joto haina sababu ya kuiogopa.

Mama mjamzito hubeba mzigo wa wawili

Katika wiki za mwanzo za ujauzito, kichanga hana tezi inayofanya kazi. Homoni zote zinazojenga ubongo wake zinatoka kwa mama. Tezi yake huanza kazi kidogo kidogo kuanzia karibu wiki ya 12, na huchukua wiki nyingi zaidi kabla ya kujitegemea kwa kiasi cha kutosha. Hata hapo, madini joto anayotumia ni ya mama.

Ndiyo sababu Shirika la Afya Duniani linapendekeza mjamzito na mama anayenyonyesha wapate mikrogramu 250 za madini joto kwa siku, wakati mtu mzima wa kawaida huhitaji 150. Mtoto wa shule wa miaka 6 hadi 12 huhitaji 120, na aliye chini ya umri huo 90.

Mjamzito ambaye tayari anatumia dawa ya tezi hatakiwi kuiacha kwa hofu ya kumdhuru mtoto. Kinachomdhuru mtoto ni mama kuishiwa homoni. Mara nyingi dozi inabidi iongezwe ujauzito unapoanza, kwa hiyo ni vyema kuripoti kliniki mara tu anapojigundua.

Siku za kwanza za kichanga

Mtoto anapozaliwa, anatoka kwenye joto la tumbo na kukutana na baridi ya dunia. Ndani ya saa ya kwanza TSH yake hupanda ghafla, tezi inamimina homoni, na mwili unajipasha moto. Kisha, kwa siku chache, kipimo hushuka. Kwa sababu hiyo, damu ya uchunguzi huchukuliwa kisiginoni baada ya saa 24 au zaidi, isije ikaonekana TSH kubwa ambayo ni ya kawaida tu.

Uchunguzi huo ulianzia Quebec, Kanada, katika miaka ya 1970, chini ya daktari Jean Dussault. Umeokoa akili za watoto wengi duniani, kwa kuwa mtoto mmoja kati ya 2,000 hadi 4,000 huzaliwa na tezi isiyofanya kazi ipasavyo, au asiye nayo kabisa. Akianza dawa ndani ya wiki mbili za kwanza, kwa kawaida hukua na kusoma kama wenzake. Akichelewa miezi, ubongo huwa umepitwa na wakati wake wa kujengwa.

Katika nchi nyingi za Afrika kipimo hicho hakifanyiki kwa kila mtoto. Hivyo macho ya mzazi yana kazi. Ugumu ni kwamba wengi wa watoto hawa huzaliwa wakionekana wazima, kwa sababu walikuwa wakitumia homoni za mama. Wanaweza hata kusifiwa kuwa ni wapole, hawasumbui usiku. Dalili za kuangalia ni hizi:

- Umanjano wa macho na ngozi unaoendelea zaidi ya wiki mbili.
- Kulala mno, na kulazimika kuamshwa ili anyonye.
- Kunyonya kwa shida, au kuchoka haraka akiwa titini.
- Choo kigumu, au kukaa siku nyingi bila choo, pamoja na dalili nyingine.
- Kilio kizito cha kukwaruza.
- Ulimi mkubwa unaotokeza nje, kitovu kilichochomoza, mwili uliolegea na ngozi ya baridi.

Dalili moja peke yake huenda isiwe tatizo. Mbili au tatu kwa pamoja ni sababu ya kumpeleka hospitali na kuuliza waziwazi kama mtoto anaweza kupimwa tezi. Watoto wenye ugonjwa wa Down wako kwenye hatari zaidi na wanatakiwa kupimwa kila mwaka hata kama hawana dalili.

Mtoto wa shule na kijana

Kwa mtoto mkubwa, ishara kuu ya tezi iliyolegea ni urefu. Anaongezeka uzito lakini harefuki. Wadogo zake wanamfikia, sare ya shule ya miaka miwili iliyopita bado inamtosha kwa urefu. Pengine anahisi baridi wakati wenzake wanatoka jasho, ngozi ni kavu, choo ni kigumu, na anachelewa kubalehe. Darasani anashuka taratibu. Sababu ya kawaida katika umri huu, kwa mtoto anayepata madini joto ya kutosha, ni kinga ya mwili kuishambulia tezi. Ugonjwa huo umepewa jina la daktari wa Japani, Hakaru Hashimoto, aliyeueleza mwaka 1912, na huwapata wasichana na wanawake zaidi kuliko wanaume.

Upande wa pili ni tezi inayokimbia. Katika ugonjwa wa Graves, ulioitwa kwa jina la daktari wa Ireland aliyeueleza mwaka 1835, kinga ya mwili hutengeneza kingamwili zinazoiga TSH. Tezi hudhani imeamriwa na ubongo, kumbe sivyo. Ubongo unafunga koki yake, lakini amri za bandia zinaendelea.

Kijana wa namna hii anakula vizuri na bado anakonda. Moyo unamwenda mbio akiwa amekaa, mikono inatetemeka hadi mwandiko unaharibika, hapati usingizi, anatoka jasho na macho yanaweza kutokeza. Hawezi kutulia, anakasirika kwa jambo dogo, alama zinashuka. Nyumbani na shuleni huonekana mtovu wa nidhamu, na adhabu hufuata. Kabla ya fimbo na maneno makali, mtoto aliyebadilika tabia huku akipungua uzito anastahili kupimwa damu.

Kupima na kutumia dawa

Tezi iliyoshindwa kazi hutibiwa kwa levothairoksini, ambayo ni T4 ileile inayotengenezwa na mwili. Haiponyi tezi, inajaza pengo. Wengi huitumia maisha yote. Kwa baadhi ya watoto waliozaliwa na tatizo, daktari anaweza kujaribu kuisimamisha baada ya miaka mitatu ili kuona kama tezi imeamka. Uamuzi huo ni wa daktari, na haufai kufanywa nyumbani kwa sababu tu mtoto anaonekana mzima. Anaonekana mzima kwa sababu anakunywa dawa.

Dawa hunywewa tumbo likiwa tupu, nusu saa hadi saa moja kabla ya kifungua kinywa, kwa maji. Vidonge vya madini chuma vya kuongeza damu, ambavyo wajawazito hupewa kliniki, pamoja na vya kalsiamu, huizuia isifyonzwe. Viachane kwa saa nne. Kwa kichanga, kidonge husagwa na kuchanganywa na maji kidogo au maziwa ya mama kidogo kwenye kijiko. Kukitia kwenye chupa nzima ya maziwa ni kosa, kwani asipoimaliza hajulikani amepata kiasi gani.

T4 hukaa mwilini siku nyingi. Nusu yake huisha baada ya takriban siku saba. Hivyo mtu mzima akibadilishiwa dozi hupimwa tena baada ya wiki sita hadi nane, kwa sababu TSH huchelewa kutulia. Watoto wachanga hupimwa mara nyingi zaidi. Anayetumia vidonge vya nywele na kucha vyenye biotini amwambie daktari kabla ya kupima, maana biotini inaweza kupotosha majibu.

Kwa tezi inayokimbia kuna dawa za kuipunguza kasi, na zikishindwa kuna upasuaji au iodini yenye mionzi. Kijana anayetumia dawa hizo akipata homa kali au vidonda vya koo arudishwe hospitali siku hiyohiyo, kwa sababu mara chache hushusha chembe nyeupe za damu.

Chumvi ya jikoni

Familia nyingi hazihitaji vidonge vya madini joto. Zinahitaji chumvi sahihi. Chumvi yenye miligramu 30 za madini joto kwa kila kilo humpatia mtu anayetumia gramu 5 kwa siku, kama kijiko kimoja cha chai, mikrogramu 150. Hicho ndicho kiasi cha mtu mzima, na gramu 5 ndicho kikomo cha chumvi kinachoshauriwa ili kulinda shinikizo la damu. Hakuna haja ya kuongeza chumvi ili kupata madini zaidi. Madini joto mengi kupita kiasi nayo huivuruga tezi: huweza kusimamisha kazi kwa muda, na kwa baadhi ya watu, hasa vichanga na wazee, isirudi sawa upesi.

Anayenunua chumvi asome pakiti kama imeandikwa kuwa imeongezwa madini joto. Chumvi ya mawe na ile inayopimwa kwa kopo sokoni haina uhakika huo. Nyumbani ihifadhiwe kwenye chombo chenye mfuniko, mbali na jua, mvuke na moto wa jiko, na itiwe kwenye mboga karibu na kuivya, kwa sababu madini haya hupotea kwa joto na unyevu.

Kwenye kliniki ya mtoto, mzazi aombe urefu upimwe pamoja na uzito na uandikwe kwenye kadi. Mstari wa urefu ukilala miezi kadhaa huku wa uzito ukipanda, ni wakati wa kumuuliza daktari kuhusu kipimo cha TSH na T4.